Shimo la Saba

Tulikata mnyororo wa lango kwa msumeno,
kufuli lilikuwa limeliwa na kutu mpaka likasahau ufunguo.
Kwenye karatasi ya mwenye kiwanja pameandikwa:
"Ardhi tupu, ekari nne u nusu, Kisumu, tayari kwa ujenzi."
Tupu.
Miaka tisa nimefanya kazi hii, sijaiona bado ardhi tupu.

Hapa walitibu nguzo za stima.
Mikaratusi ilishuka kwa malori kutoka Nandi,
ikavuliwa magome, ikasukumwa ndani ya tangi refu la chuma,
ikatoka na ukijani ambao mchwa hauonji miaka arobaini.
Nguzo zikaenda kuwasha taa Siaya, Busia, Mumias.
Tone likabaki.

Odundo anazungusha kekee, mimi naandika.
Shimo la kwanza: kifusi, matofali, gamba la konokono.
La pili: udongo mweusi, ule wa Kano,
unaong'ang'ania kiatu kama mdai mwisho wa mwezi.
Kiangazi hupasuka, ufa wa kuzamisha mkono hadi kwenye kiwiko,
na kila ufa ni mlango wa kwenda chini kwenye maji.
La tatu, la nne, la tano, hakuna la kusimulia.
La sita tuligonga bomba lisilo kwenye ramani yoyote.

"Mnachimba pasipo penyewe,"
sauti ikatoka ng'ambo ya ua.
Truphena. Jembe begani, sukuma wiki hadi magotini.
Miaka kumi na mmoja alipaka namba kwenye vichwa vya nguzo,
kwa brashi moja, bila glavu.
"Tangi lilipasuka pale, kwenye ule mchongoma.
Usiku. Asubuhi tukamwaga maranda juu, tukaambiwa tufunge midomo."

La saba, basi. Mita moja na nusu,
na udongo ukapanda na rangi ya jani changa la mgomba.
"Inapendeza," akasema Odundo.
Nikamwambia abadilishe glavu.
Chupa ya kioo, jaza hadi shingoni, funika, andika saa.
Usinuse, ndivyo tulivyofundishwa.
Nilinusa.
Ilikuwa harufu ya sarafu iliyofumbatwa
na mtoto aliyetumwa dukani.

Mwenye kiwanja alikuja mchana, viatu vyeupe,
akakunjua mchoro juu ya boneti:
ghorofa tano, maegesho, miti ya rangi ya maji,
na watoto wawili wasio na nyuso kwenye bembea.
Nilipima kwa kidole. Bembea iliangukia shimo la saba.
"Kuna tatizo?"
"Maabara itasema."
"Hiyo maabara," akauliza, "inasikia lugha?"

Wiki tatu. Shaba, kromi, aseniki.
Aseniki mara thelathini na moja ya kiwango.
Nikaandika: uchimbwe, mita mbili, uondolewe.
Sikuandika upelekwe kwa nani.
Bosi akapiga simu: ripoti nzuri, lakini ukurasa wa kumi na nne,
toa neno "hatari", weka "changamoto".
Nikamwambia changamoto ni mvua njiani.
Akakata.

Lakini siku ile tulipokuwa tukifunga vifaa
Truphena alinipa fungu la mboga ndani ya gazeti la juzi.
Bure, alisema, kwa kuwa umeuliza jina langu.
Lilisafiri kando ya sanduku la barafu, likinyauka.
Fomu haina mstari wa mboga.
Nililipa mwenyewe. "Mradi gani huu?" akauliza karani wa maabara.
Nikasema, andika jani.

Matokeo yameingia leo asubuhi.
Nimeyasoma mara mbili, nimesimama, nimeketi.
Napiga. Inaita. Anapokea kwa furaha,
"Ni yule binti wa udongo!"
na nyuma ya sauti yake nasikia kisu juu ya ubao,
chap, chap, chap,
na mafuta yakianza kulia kwenye sufuria.