Nane Tatu

Riyali kumi na mbili kwa saa.
Nimeiandika kwa kalamu nyekundu,
mimi niliyekaa miaka thelathini na moja
katika chumba cha hesabu kule Ruwi
nikitafuta baisa tano zilizopotea
mpaka nizikute.

Kumi na mbili: nguru mzima soko la Siibu,
na ndimu juu, na kijana wa kukukatia.
Khalfan kaiona risiti, kaguna:
"Kutembea ni bure, Zuwena. Barabara ya serikali."
Kweli, bure. Agosti, saa mbili asubuhi,
lami ya Al-Khoudh inanata kwenye kandambili
na goti langu la kulia linasaga
kama jiwe la kusagia lisilotiwa kitu.

Hakuuliza daktari alinitoza ngapi
kusema "sukari" bila kuinua macho.
Watu hulipia ugonjwa kimya;
uzima ndio unaoombewa punguzo.

Basi Jerotich. Mkenya, mwembamba kama ufito,
Kiswahili chake kinapanda mlima, changu kinateleza na maji.
Siku ya kwanza nilimletea tende na birika la kahawa
nikidhani tutaanza kwa mazungumzo.
Akaliweka birika sakafuni.
"Chuchumaa uliguse, Mama.
Usilinyanyue. Jinyanyue wewe."

Nilishuka vizuri.
Kupanda ndiko kulikokuwa na deni.

Yeye huhesabu kwa sauti. Tano, sita, saba,
nane.
Nane.
Na nane tena.
Nikamwambia: binti, wizarani ungefukuzwa kazi.
Nimelipia nane moja, unanipa tatu,
na kila moja nzito kuliko mwenziwe aliyetangulia.
"Hizo mbili ni bakshishi," akacheka.

Wiki ya sita nikafanya ukaguzi.
Zimetoka mia na arobaini na nne.
Zimeingia: maumivu ya paja, viatu vinavyonuka,
kilo moja na robo imepungua
(na kilichopungua kinaandikwa wapi, kwenye faida au hasara?).
Nikapiga mstari chini. Safu mbili hazikukubaliana.
Nikalifunga daftari kwa hasira, nikalala.

Alfajiri kiti changu cha plastiki hakikuwapo.
Khalfan alikipandia jana kubadili taa, akakiacha uani.
Miaka minne nasali juu ya kile kiti,
nainamisha kichwa hewani, sigusi kitu.
Nikatandika mswala huku nimejaa usingizi,
nikashuka.
Paji la uso likakuta zulia,
harufu ya udi wa sikukuu iliyopita bado imo humo.
Nikainuka. Mkono haukushika ukuta.
Nikasimama pale katikati ya chumba
nimesahau ni rakaa ya ngapi,
mimi, mtu wa hesabu.

Nikamuuliza Jerotich, siku hiyo hiyo:
katika kumi na mbili, zako ngapi?
"Nne."
Na zilizobaki?
"Za mwenye jimu."
Nane, tena.
Anasimama toka alfajiri mpaka isha
akiwainua wake za watu kutoka sakafuni,
na wakati wa kushuka ngazi
nimemwona akishika kingo.
Na wewe, nikasema, nani anakuhesabia?
Akainama kufunga kamba ya kiatu
iliyokuwa imefungwa.

Mwezi huu yuko kwao, likizo ya kila miaka miwili.
Nilimtilia bahasha kwenye mkoba,
sikuiandika popote.
Kiti kiko kile kile pembeni, kimebeba nguo za kupiga pasi.
Niko jikoni, birika liko chini,
nashuka, nasimama, jasho linaniingia machoni.
Sita.
Saba.
Nane.
Khalfan yuko mlangoni na kikombe chake kitupu.
"Si imeshatimia? Nimekusikia."
Bado, namwambia.
Bado nane.