Daftari la Kinywa

Jumatatu kimetokea tena,
chini ya ulimi, upande wa kushoto,
cheupe kama chenga ya mchele,
chekundu ukingoni.
Nimekiandika. Daktari Bhogal kasema niandike kila kitu:
nilichokula, nilivyolala, siku zangu za mwezi,
kama nimejiuma shavu, kama nina la moyoni.
"Kimojawapo kitajitaja chenyewe," kasema,
akitupa kijiti cha mbao kwenye pipa la kukanyaga.

Daftari nimelinunua duka la paundi moja, Wolverhampton,
lina sungura kwenye jalada.

Machi: mananasi ya kopo. Viwili.
Machi tena: mananasi sikuyagusa. Vitatu.
Aprili nikabadili dawa ya meno, nikachukua ile isiyo na povu,
kama kupiga mswaki kwa chaki.
Wiki tano, kimya.
Nikamtangazia kila mtu, mpaka dereva wa tramu.
Wiki ya sita kimoja, kwenye fizi,
kama mdai aliyerudi na risiti.

Shangazi Mwanamkasi, kwa simu, kutoka Pangani:
"Hivyo ni vya kwetu. Bibi yako alikuwa navyo,
uji akinywa kwa upande mmoja.
Wenzako wanarithi mashamba.
Weka asali."
Nikaweka asali. Nikalia machozi.

Kazi yangu ni mdomo. Naukodisha kwa saa.
Kinywa jumba la maneno, walisema;
langu lina wapangaji.
Wanakuja na yao, nami nayatamka kwa "mimi",
ndiyo sheria ya ukalimani:
mimi nilitoka Uvira usiku,
mimi nilimwacha mama mlangoni,
mimi tarehe siikumbuki.
Hakimu anamuuliza yeye, macho kwangu.

Mei kumi na nne, Birmingham, kesi ya Byamungu.
Masaa matatu, glasi mbili za maji.
Kesho yake, vinne.
Nikapiga mstari mwekundu. Nimekupata!
Kumbe ni maneno ya watu, yanapita yakichubua.
Nililipenda jibu hilo, sitaficha.
Lilikuwa na heshima yake,
mtu kuugua kwa kusikiliza.

Juni nikachukua likizo, siku kumi na mbili, Barmouth,
chumba cha juu, mvua, chipsi bila siki.
Sikumsemea mtu. Hata yangu sikuyasema.
Vikaja viwili.

Julai majibu ya damu.
"Akiba yako ya chuma imekauka," kasema Daktari Bhogal,
kisha, kama anayeuliza njia:
"Chai unakunywa vikombe vingapi?"
Nikahesabu. Ya kuamkia. Ya stesheni.
Ya chumba cha kusubiri, ile ya mashine, ya bure.
Ya mchana na mchicha wangu, ya jioni na maharage,
sturungi, nyeusi, ya kukolea.
"Chai hukishika chuma mlangoni, hakiingii.
Mboga na chai visikutane."
Nimetafuta msiba mwaka mzima,
nimekabidhiwa birika.
Nilicheka. Kikaniuma.

Vidonge nimeze na maji ya chungwa, ndivyo vinavyokolea mwilini.
Maji ya chungwa yanachoma vidonda.
Hilo nalo nimeliandika.

Agosti: hakuna. Ukurasa mzima sungura tu, nimemchora mwenyewe.

Septemba tarehe tisa Byamungu kapiga simu.
Barua imefika, bahasha ya kahawia, haifungui peke yake.
Nikamsomea tumesimama, nje ya duka la mikate,
nikaanza na neno "umekubaliwa", mengine yakafuata.
Akaniomba nirudie, ila kwa "mimi",
kama siku ile mahakamani,
alitaka kusikia linavyosikika.

Asubuhi hiyo kilikuwa kimetoka kimoja,
ndani ya mdomo wa chini, mbele kabisa,
pale midomo inapokutana kwa herufi ya M.
Mimi, nikasema.
Mimi nimekubaliwa.
Mara ya tatu akaniambia basi, inatosha, dada, unatoka machozi.
Nikamwambia ni kidonda.