Mnada wa Maneno Manne

Kibuye, bei zote nazijua:
kompresa kuukuu, gesi, waya wa shaba.
Sikujua kuwa neno nalo hupigwa mnada.

*Fundi wa friji Kisumu.*
Maneno manne tu, hayana mtunzi,
kumbe yana dalali asiyelala:
mtu akiyaandika, kabla hajakohoa
mnada umefunguliwa, umefungwa,
nami nimempiku Otulo wa Kondele
kwa shilingi mbili.
Mwenye nyundo yuko ng'ambo;
hajawahi kushika bisibisi.

Kutafuta ni bure, husema.
Bure kwa anayeuliza.
Mimi ninayejibu hukatwa kumi na nane
kila ninapobonyezwa,
friji ipone isipone.

Mwezi ule nilibonyezwa mara sitini.
Simu zilizolia, nne.
Nikamlaani Otulo na ukoo wake.

Kumbe ni Senje Rasoa, kule Mbale.
Kila asubuhi baada ya sala
huyaandika maneno yale, herufi moja moja,
aone jina langu juu kabisa,
abonyeze,
kisha amwite jirani naye abonyeze:
"Mwoneni mtoto wetu!"

Senje hana friji.
Hana hata umeme; simu huchajiwa dukani.

Nimeongeza bajeti.