Dodoso

Binti wa udaktari, Kokusima jina lake,
ana kalamu ya buluu na maswali arobaini na mawili.
Anauliza kwa sauti ya chini,
maana pazia ni jepesi
na mke wangu yuko upande wa pili.

Ulizaliwa wapi?
Kibosho, juu, penye mfereji.
Mifugo mliishi nayo ndani?
Mbuzi watano, ng'ombe mmoja, ukuta wa mbao katikati;
usiku nilimsikia akicheua
kama mtu anayepiga hesabu ya deni.
Anatia tiki. Naona amefurahi kidogo,
kana kwamba yule ng'ombe ni shahidi wangu.

Ulinyonya miezi mingapi?
Angejua mama, naye tulimlaza mgombani
mwaka ule wa mvua kubwa.
Andika: mpaka alipokuja Nderingo.
Sisi ni toka nitoke,
alininyang'anya ziwa na hajaomba radhi hadi leo.

Ulihamia mjini ukiwa na umri gani?
Miaka sita. Mimi nilishuka na baba hadi Pasua,
Nderingo akabaki kwa bibi, na tope lake.

Antibiotiki, utotoni?
Hapa nacheka, tumbo linanikanya.
Dada, pale dukani kwa Mangowi
zile kapsuli za rangi mbili tulizijua kabla ya a-e-i-o-u.
Kikohozi, mbili. Jino, mbili.
Mtihani ukikaribia, moja ya tahadhari.
Hata kuku wa jirani aliposinzia
alifunguliwa unga wake kwenye maji.
Mara ngapi kwa mwaka?
Nyingi.
Hakuna kisanduku cha nyingi.

Chakula?
Mtori, hadi nilipopata zamu ya usiku kiwandani.
Tangu hapo, saa nane za usiku, chipsi za stendi,
mafuta meusi ya tangu Jumatatu,
soseji nyekundu kuliko kitu chochote kilichowahi kuwa hai,
soda ya kuniweka macho.
Usingizi?
Mchana, chini ya bati, redio ya jirani ikihubiri.

Sigara?

Sigara nilivuta miaka kumi na tano.
Apaisaria alinisihi, akalia, akafunga na kuomba,
nikaacha Jumapili ya Matawi, mbele ya watoto,
nikaikanyaga pakiti kama nyoka.
Krismasi haijafika, nikaona damu.

Kalamu inasimama.
"Hutokea," ananong'ona, "kwa vidonda hivi vya utumbo mpana.
Baadhi ya walioacha…" Hamalizi.
Kisha kwa haraka: "Lakini usirudie. Mapafu. Moyo. Usirudie."
Sirudii, namwambia.
Ila hilo, tafadhali, lisivuke pazia.
Yule mwanamke ametembea na furaha ya sala iliyojibiwa,
nami simpokonyi.

Katika familia, yupo mwingine?
Tumbo moja lilitutoa, matumbo hayakufanana.
Nderingo anakunywa mbege, anavuta, analala saa mbili,
na chooni huenda kwa kengele ya kanisa.
Yuko hapo nje. Kaja na mkungu wa mshare begani,
kuanzia juu hadi hapa, kwa miguu,
eti ndizi ikitikiswa garini hupoteza dawa.

Namuuliza mimi sasa, swali langu moja:
ni kipi? Kapsuli, mafuta, usiku, moshi, au kukosa moshi?
Anaifunika kalamu, anaifunua.
"Hatujui. Pengine vyote vilikaa kikao.
Ndiyo maana nauliza."

Limebaki swali la arobaini na mbili:
Una la kuongeza? Wameacha nusu mstari.
Samahani, dada, naomba ruhusa.
Ni hatua kumi na tisa hadi mlango ule wa kijani,
nilizihesabu kabla sijaketi;
kila niingiapo mahali, huanza na hilo,
benki, msibani, hata kanisani.

Nikirudi, nusu mstari ule umejazwa,
kwa mwandiko mdogo, ulioinama:
hatua 19.