Kumtafuta Pono

Raya, nimepata likizo ya siku nne.
Msimamizi ameisaini polepole
kama mtu anayekopesha figo.
Nimemwambia Novemba, jua la Maskati likishapoa hasira,
nimemwambia visiwa vya Dimaniyat.
Akacheka: "Si hapo tu, ukitoka Sibu?"
Ndiyo, hapo hapo.
Miaka kumi na moja naviona siku zisizo na vumbi,
vidogo, vya kahawia,
kama mtu aliyevua makubadhi juu ya maji
akaenda zake.

Nimekwisha zungumza na Yaarubu mwenye boti ya faiba.
Riyali ishirini na tano kila kichwa,
kibali, maji ya kunywa na miwani humo humo.
Nikamwambia mmoja wetu ni mwembamba mno.
Kapunguza tatu.
Miwani nimenunua yangu lakini,
na mrija wake wa kupumulia.
Siwezi kung'ata kilichong'atwa na watu;
kunawa mikono kwa miaka kumeniharibu.

Jana asubuhi, nimetoka zamu, sijavua hata soksi,
nikajaza maji karai la mama, lile la maua,
nikaliweka juu ya meza ya jikoni
nikavaa, nikang'ata, nikazamisha uso.

Kwanza nilikunywa.
Kisha nikaisikia pumzi yangu
ikienda, ikirudi,
nzito, ya karibu,
kama ya yule mgonjwa wa kitanda cha sita
alfajiri aliyoamua kuishi.
Kiyoyozi kikanyamaza. Simu ikanyamaza.
Waridi la karai likawa kubwa kama sahani ya biriani
na ufa wake, nisioujua siku zote,
ukapita katikati kama barabara ya Barka.
Sijui nilikaa muda gani.
Mama ndiye aliyepiga ukelele
akinivuta kwa nywele.

Tangu tukiwa wadogo, wakumbuka, akitufunua shuka:
"Amkeni! Mmelala usingizi wa pono!"
Mimi usingizi huo sijauonja tena.
Nikifumba macho mashine zinalia,
nikifumbua zinalia.
Basi nataka nikamwone mwenyewe huyo pono
tunayemsingizia vitandani mwetu.
Nimesikia wako ponó wa usiku wanaojitemea utando wa ute,
wakajifunga ndani yake kama chandarua,
wakalala humo, bahari na papa wake
wamepewa mgongo.

Nikamuuliza Yaarubu: tutamkuta amelala?
Akasema, dada, sisi twaenda mchana.
Mchana pono anatafuna mawe.
Meno kama koleo, kutwa kucha za matumbawe,
utamsikia kabla hujamwona, karr, karr,
na anachokishindwa anakitoa nyuma,
mchanga.
Mchanga mweupe ule ule
mtakaotandika mkeka juu yake.

Nimelifikiria hilo tangu jana.
Kumbe naye ana zamu.

Njoo na kanga moja tu, kuukuu.
Mkate wa kumimina nitaupika mimi,
halwa usibebe, itayeyuka na kutuitia nzi.
Mapezi ya mpira uyajaribu kwanza nyumbani,
utembee nayo kinyumenyume, ndivyo wanavyofanya.
Tukifika, usiniamshe kwa lolote.
Kasa akipita, mwangalie peke yako.

Na mama, tafadhali,
usimtajie bei.