Doti

Jioni, chumba cha kukodi juu ya duka la betri,
Barabara ya Kumi na Mbili, Ngamiani.
Mwalimu Hellena Shekifu anaandika ubaoni: mvua.
Ikizidi, anauliza, kwa Kiingereza ni mvua gani?
Kubwa, nikasema.
Hapana, Bi Mwanamkasi. Kwao mvua ni nzito.
Na chai?
Kali, akasema Kibwana wa gereji.
Hapana. Chai yao ina nguvu.
Nikaandika yote mawili, mvua nzito, chai yenye nguvu,
nikawawaza makuli wa bandarini
nani atabeba ipi.

Sisi tunapiga.
Tunapiga simu, pasi, picha, mswaki,
tunapiga hodi, tunapiga soga hadi usiku wa manane
na hakuna aliyevimba jicho.
Wao simu wanaitengeneza, kama baiskeli.
Picha wanaichukua, wala hawairudishi.
Mafua wanayadaka, kama kipa pale Mkwakwani.
Na ukitaka kumsikiliza mtu vizuri
kuna kulipa.
Shilingi ngapi? akauliza Kibwana.
Darasa likaangua kicheko, mwalimu naye,
kisha akafuta ubao kwa kiganja.
Msiniulize kwa nini, akasema. Hakuna kwa nini.
Yamezoeana tu.

Hapo nikamwelewa.
Mwaka wa kumi na tisa huu nauza kanga.
Mteja anakuja, ana haraka, nikatie kimoja, bibi.
Sikati.
Doti ni doti: pindo kwa pindo, mji kwa mji,
jina lililoandikwa huku ndilo liko na kule.
Ukibeba kimoja umeniachia kilema dukani.

Basi nikawa nasomea kaunta.
Kila doti ninayokunja naitilia maneno mawili,
naibana kwa goti, napanga rafuni.
Ile nyekundu ya *Mgeni wa macho si wa moyo*
ndiyo mvua nzito.
Ile ya njano ya korosho, chai.
Jumanne akaingia mgeni, mama mmoja wa kampuni ya mkonge,
nikamtazama usoni nikamwambia
leo mvua ni nzito.
Nje jua linachoma bati.
Akageuka mlangoni, akatazama, akacheka,
akanunua doti mbili.
Sentensi yangu ya kwanza iliyokamilika,
na uongo mtupu.

Alhamisi mwalimu akaandika: kupoteza.
Chini yake akapanga. Funguo. Njia. Uzito.
Mume.

Nikanyoosha mkono.
Anapotelea wapi?
Safari hii hakuna aliyecheka. Hata Kibwana
alikuwa anatazama grisi ya kucha zake.
Nikasema, mwalimu, sisi hatumpotezi mtu.
Sisi tunafiwa.
Neno moja hilo, halina mwenzake, halimtaki.
Wewe hujafanya kitu. Hukusahau mlango wazi,
hukuacha kitu juu ya kiti cha basi.
Umefanywa.
Akanyamaza kidogo, chaki mkononi.
Andika tu, Bi Mwanamkasi, akasema, kwa upole.
Usitafsiri.

Nikaandika.

Kabatini kwangu mna kanga moja, ya kahawia.
Mwenzake alitoka Bombo na jeneza la Salehe, mwezi wa Machi,
hakurudi, na sikumdai mtu.
Nayo si kwamba imepotea.
Salehe mwenyewe najua alipo:
safu ya tatu, upande wa ukuta,
kuna mkilifi unaomwaga majani mpaka nachoka kufagia.

Usiku huo nikaijaribu sentensi ya mwalimu, kwa sauti,
mimi na feni.
Ikatoka sawasawa. Hata ulimi haukuteleza.
Nikairudia.
Kisha nikaitoa ile ya kahawia, nikaikunja upya.
Ikiwa moja haikai vizuri,
inateleza kwenye goti.