Watu wa Vijiti

Mhusika wa kwanza nilimchora kwa wino wa buluu:
kichwa duara, mwili mstari, mikono mstari,
miguu imepanuka kama ya anayengoja kupimwa.
Chini yake nikaandika: Mkulima.
Nje, mlima Wanale ulikuwa umejifunika gubigubi,
na duka la mabati lililo chini ya ofisi yetu
lilikuwa likikata kitu kisichotaka kukatwa.

Kando yake kisanduku kikubwa: huu ndio mfumo.
Ndani yake mayai, kila yai na kitenzi chake.
Pima buni. Toa risiti. Lipa. Tuma ujumbe.
Mistari ikatoka mkononi mwa mkulima hadi kwenye mayai,
nadhifu, kama kamba za nguo siku ambayo hakuna aliyefua.

Namutosi aliteremka Mbale kutoka Budadiri kuja kikaoni,
mabuti ya mpira yakidondosha matope sakafuni.
Akautazama ukuta, shingo upande.
"Huyu ni mimi?"
Ni wewe, mama, na wenzako mia nne.
"Mbona hana tumbo? Na gunia lake kaliacha wapi?"
Tukacheka. Yeye hakucheka.
"Na huu mstari unaokwenda kwa Tuma ujumbe, ufute.
Mimi simu sina.
Anayenisomea ni Kuloba, mjukuu wangu, yuko darasa la tano,
na siku akinuna
ananiambia pesa haijaingia."

Nikachora mtu wa pili, mfupi,
nje ya kisanduku, ubavuni mwa bibi yake.
Kati yao mstari wa nukta nukta, na mshale.
Vitabu vya kazi yangu vinalo jina la mshale huo;
jina la mtoto aliyenuna havina.

Usiku umeme uliporudi nikabonyeza kitufe kimoja
na programu ikajiandikia nyaraka zake yenyewe,
kurasa tisini na sita, yaliyomo mbele, faharasa nyuma.
Nikasoma:
Hesabu uzito: huhesabu uzito.
Lipa mkulima: humlipa mkulima.
Ni kama kumuuliza mtu njia ya kwa fundi
akakujibu, njia ya kwa fundi ni ile iendayo kwa fundi.

Ukurasa wa arobaini na moja kulikuwa na amri moja:
punguza 1.4.
Basi. Aliyeiandika yuko Kigali siku hizi,
maswali huyajibu kwa picha ya dole gumba.

Asubuhi nikamwendea Gidudu wa mizani.
Alikuwa akipangusa sahani ya chuma kwa fulana kuukuu.
"Hayo ni maji," alisema.
"Gunia la katani likinyeshewa Oktoba
linakunywa kuliko wageni wa imbalu.
Mwaka ule wa ugomvi Wetaka alitaka tukate kilo mbili,
akina mama wakasema moja.
Tukapima magunia kumi mabichi, tukayaanika, tukayapima tena.
Ndiyo ikawa hiyo. Lakini ni ya mvua tu."
Ya mvua tu?
"Kwani mashine yenu inakata hadi kiangazi?"

Nilikalia gunia tupu.
Desemba, Januari, Februari, nikahesabu kwa vidole:
watu mia nne, gunia kwa gunia,
maji ambayo hayakuwapo.

Kurekebisha kulinichukua dakika mbili.
Kuandika sababu kulikula mchana mzima:
Punguza 1.4 msimu wa mvua pekee, kwa ajili ya gunia lililolowa.
Ukitilia shaka, anika magunia kumi.
Ukishindwa, muulize Gidudu angali hai.

Kisha nikarudi ukutani, nikamchorea Namutosi gunia.
Kampala wameurudisha mchoro:
kwa kanuni, mhusika habebi kitu.
Sijalifuta.
Nimeongeza na yai, ndani ya kisanduku, pembeni kabisa.
Nimeliandika Rudisha.
Hadi leo hakuna mstari unaoingia humo
kutoka kwa mtu yeyote.